Mavi Mazuri

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.
Hawakulala zizini Isongole mwezi wa Mei
na ndama wa wiki tatu anayehara maji meupe,
ukungu umeteremka kutoka Mlima Rungwe
hadi chemli haioni miguu yake yenyewe.

Ndama jina lake Salio.
Binti yangu Tusekile ndiye aliyemwita hivyo,
kwa kuwa ndiye aliyebaki.

Miaka kumi na moja nauza dawa za mifugo Tukuyu,
mlango wa bluu, ukitoka stendi.
Unga wa njano naujua kwa uzito wa kijiko.
Ndama akihara, kijiko.
Akikohoa, kijiko.
Asipoumwa, kijiko cha kinga.
Nikauza, nikauza,
hadi matumbo ya wilaya nzima
yakauzoea unga ule kama chai ya maziwa.

Basi wa kwanza nilimpa unga, akafa.
Wa pili nikamzidishia, akafa na sindano juu.
Gwakisa, bwana mifugo, akavua glovu,
akasema, "Huyu wa tatu mpe maji ya chumvi na sukari, asikauke."
Kuhusu unga hakusema kitu.
Heri angesema.

Aliyesema ni Subilaga wa Kyimo,
ana ng'ombe wawili, na kwangu hununua
jiwe la chumvi la kulamba, basi.
"Mimi si mteja wako," alisema,
"ndiyo maana ndama wangu wazima."
Akanihesabia kama anayedai:
kitunguu saumu, punje tatu, zitwangwe;
tangawizi kidole kimoja, cha mtoto, si hicho chako;
majani machanga ya mpera
yachemke hadi maji yawe rangi ya kutu.
Yapoe. Yapoe kweli.
Kisha uchanganye na maziwa ya mama yake.
"Na ndoo uioshe," akageuka mlangoni.
"Hiyo nayo dawa, ila haiuzwi."

Salio akanusa, akapiga chafya,
akageuza shingo kama bi harusi aliyekosewa.
Siku ya kwanza aliimwaga.
Siku ya pili aliimwaga juu yangu.
Usiku wa tatu Tusekile akachovya vidole viwili,
akampa anyonye, akavishusha taratibu,
taratibu, hadi ndani ya ndoo,
na yule mjinga akanywa
akidhani bado ananyonya mtoto.

Daftari la duka, safu ya mauzo, niliandika:
Jumanne, maji.
Jumatano, maji.
Alhamisi, uji.
Ijumaa, uji mzito.
Jumamosi, hakuna. Sikulala.

Jumapili kengele ya Wamoraviani inalia,
akina mama wanapita na kanga zao za kwaya,
nami nimepiga magoti kwenye matope
nikiita, "Tusekile! Njoo uone!"
Bonge moja. Limesimama. Lina umbo.
Linafuka kwenye baridi
kama kiazi kilichotolewa majivuni.
Mama mmoja akauliza kulikoni.
Nikamwonyesha.
Akaenda kanisani bila kunijibu.

Sijui ni kitunguu, sijui ni mpera,
maji ya chumvi, ndoo, au vidole vya mtoto.
Gwakisa anasema ndama mmoja si ushahidi.
Kweli.
Nami wawili waliokufa hawakunitosha,
wala wa watu wengine miaka kumi na moja.

Jumatatu nimefungua duka.
Kijana wa Kiwira, viatu vina tope hadi kamba:
"Ndama anahara, mzee. Nipe ule wa njano."
Mkono ulishafika kwenye kopo kabla yangu.
Nikamuuliza, "Ndoo yake unaioshaje?"
Akacheka, akidhani namtania.
Kijiko bado nimekishika.